Supu ya Siku ya Pili Rubaya

Noeli na Bonane, yaani Mwaka Mpya, zikishapita, kinachobaki kwenye sufuria za Rubaya, mji wa Masisi mashariki mwa Kongo, si nyama. Nyama huisha siku ileile; wageni na watoto huhakikisha hilo. Hubaki mifupa, mchuzi uliogandia chini, maharagi, na viazi ambavyo kila mtu alivipita akiwahi mnofu.

Mifupa huwa mingi kwa sababu ya jinsi ng'ombe anavyonunuliwa. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo huko Kivu Kaskazini huitwa AVEC, aghalabu hugawana akiba mwaka unapofungwa, na majirani wenye uwezo huchanga wakachinja ng'ombe mmoja. Masisi ni nchi ya malisho, kwa hiyo ng'ombe hatafutwi mbali. Mgawo huja na mifupa yake: mbavu, muundi, fundo la goti. Si nyumba zote zinazopata mgawo huo. Machimbo ya Rubaya hutoa takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia, lakini mji uliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Aprili 2024, na mapigano ya Masisi yamezifukuza familia nyingi makwao. Kwa wengi sikukuu ni bugali na maharagi tu, na hayo nayo hutengeneza supu.

Tatizo ni usiku ulio kati ya sikukuu na siku ya pili yake. Nyumba nyingi hazina friji, na baridi ya milimani hudanganya: mtu anayejifunika blanketi mbili hudhani chakula nacho kimehifadhika. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kiwe chini ya nyuzi 5 au juu ya nyuzi 60. Baridi ya Rubaya kwa kawaida haifiki huko chini. Basi friji ya hapa ni moto. Mpishi mwerevu haachi mifupa ilale kwenye sahani za wageni. Huikusanya jioni hiyohiyo, akaitia maji na kuiweka kwenye mbabula ambayo bado ina makaa. Supu ya siku ya pili huanza siku ya kwanza.

Moto wenyewe una tabia yake huko juu. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Kwenye mita 2,000 hayafiki hata 94. Joto hilo bado linatosha kuua vijidudu vingi, ambavyo hufa kuanzia nyuzi 70, ila maharagi na mifupa huchelewa kuiva. Anayetoka Mombasa asipime kwa saa yake. Muundi utakaopewa saa tatu pwani upewe nne au zaidi Masisi, mpaka gegedu zilegee na kutoa ule utomvu unaoufanya mchuzi ushike midomo.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi. Mafuta yaliyoelea hukombwa na kukaangiwa kitunguu, puaro na karoti. Nusu ya viazi vilivyobaki hupondwa ili kuipa supu uzito, nusu hutiwa vikiwa vipande. Maharagi huja mwisho, pilipili kwa atakaye. Chumvi isiguswe kabla ya kuonja, maana nyama ya sikukuu ilikwisha kulishwa chumvi na Maggi kupita kiasi. Ikizidi, huongezwa maji na viazi vibichi. Ganda la jibini ya Masisi, lililokwanguliwa vizuri, linaweza kutumbukizwa pia, kama Waitaliano wafanyavyo na la kwao kwenye supu ya mboga.

Wali ndio usioingia. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus huvumilia kuchemshwa, na wali ukipoa polepole usiku kucha huamka na kutoa sumu ambayo haiondoki hata ukichemshwa tena. Kuna bakteria mwingine, Clostridium perfringens, anayependa sufuria kubwa ya nyama inayopoa taratibu, ndiyo maana huonekana baada ya karamu. Huyu wa pili hushindwa na supu ikichemka vizuri. Kwa hiyo supu itakayobaki igawanywe kwenye vyombo vipana, viketishwe ndani ya beseni la maji baridi, na ichemshwe upya kabla ya kuliwa.

Swali linalobaki ni la makala, yaani mkaa. Kuchemsha mifupa saa nne hula makala mengi, na sehemu kubwa ya makala ya mkoa huu imekuwa ikitokana na miti inayokatwa Hifadhi ya Virunga. Mradi wa EcoMakala wa WWF ulianza kupanda miti ya kuni mnamo 2007 kwa sababu hiyo. Wapishi wana njia za kupunguza gharama: makaa yaliyochoma nyama ndiyo huanza supu, mifuniko hubanwa kwa jiwe, na majirani wawili huweka mifupa yao kwenye sufuria moja, kisha kila mmoja hubeba mchuzi wake na kuutia viazi nyumbani.