Saa Sahihi Si Lazima Iwe Saa Tulivu

Wimbi la GPS linalopokelewa na simu nyingi, la megahezi 1575.42, hutokana na masafa mama ya megahezi 10.23 yaliyozidishwa mara 154. Kuzidisha huko kuna gharama. Kila pigo la osileta, yaani saketi inayotoa mapigo hayo ya msingi, huwahi au huchelewa kidogo mno, na kosa hilo la muda hubaki lilelile mapigo yanapofupishwa mara 154, kwa hiyo sehemu ya pigo inayoharibika huongezeka mara 154. Nguvu ya kelele inayotokana na kosa hilo hukua kwa mraba wa namba hiyo: mara 23,716, karibu desibeli 44, hata kama saketi ya kuzidisha haikuongeza kelele yake yenyewe. Ndiyo maana naamini utulivu hupatikana kwenye chanzo au haupatikani kabisa.

Wapo watakaosema dawa ni saa ya atomu, kwa kuwa tangu 1967 sekunde yenyewe hupimwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya sesiamu. Lakini ubora wa atomu huonekana kwa saa na siku nyingi. Ndani ya saa za atomu, mapigo ya papo kwa papo kwa kawaida hutoka kwenye fuwele ya kwatsi, na atomu kazi yake ni kuisahihisha polepole. Fuwele hupoteza nishati kidogo sana inapotetemeka, hivyo hutulia. Udhaifu wake ni kuzeeka na kuyumbishwa na joto, na zile bora hufungiwa ndani ya kijitanuri. Wengine watategemea kichujio. Kelele iliyo hezi 10 tu kando ya megahezi 1575 haichujiki kwa urahisi: kichujio chembamba kiasi hicho ni kigumu zaidi kutengeneza kuliko osileta nzuri.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba mitambo ya kidijitali hujua sifuri na moja tu, basi kuyumba kidogo kwa saa kuna madhara gani? Madhara yapo pale wimbi linapogeuzwa kuwa namba. Saa ikiyumba kwa pikosekunde moja, yaani sehemu moja ya trilioni ya sekunde, huku wimbi linalopimwa likiwa la megahezi 100, wimbi haliwezi kuizidi kelele kwa zaidi ya desibeli 64. Hizo ni kama biti 10. Kigeuzi kilichonunuliwa kwa bei ya biti 16 kitatoa biti 10 zenye maana, na programu yoyote itakayofuata haitajua biti nyingine zilipaswa kuwa nini.