Kichocho: dawa imegawiwa, mbona hakiishi?

1/ Kwetu Waa, kila msimu wa siasa utasikia: "Tumegawa dawa, kichocho kwisha!" Tuipime hiyo kauli.

2/ Prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa mwilini. Lakini haikukingi. Kesho ukirudi bwawani, vimelea wanaotoka kwa konokono wanapenya ngozi tena.

3/ Konokono nao wanaambukizwa mtu mwenye kichocho akikojoa majini. Ukitibu watoto shuleni ukaacha wazazi wanaofua mtoni, mzunguko uko palepale.

4/ Nani awajibike? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne: sera ya afya ni ya serikali kuu, zahanati, maji na vyoo, kaunti.

5/ Kwa hivyo wakija, vidonge tuvipokee, halafu tuwaulize: mfereji unafika lini, na umetengewa pesa ngapi?