Megapikseli au Kasi: Pesa ya Kamera Iende Wapi?

Ukiingia duka la kamera Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue kule Nairobi, namba ya kwanza utakayotajiwa ni megapikseli. Hii 24, ile 33, na ile ya juu kwenye kabati la kioo 45. Bei inapanda pamoja na namba, na mnunuzi mwenye pesa ya kuungaunga anatoka dukani akiamini kwamba kila laki aliyoongeza imemnunulia picha nzuri zaidi. Kwa sisi tunaopiga harusi, sendofu, mahafali na mechi za Jumapili, laki hizo mara nyingi zinapotea bure. Kuna mahali pa kuzipeleka zikazaa.

Tuanze na hesabu. Megapikseli moja ni nukta milioni moja. Kamera ya megapikseli 24 inatoa picha yenye nukta 6,000 kwa 4,000. Ya megapikseli 45 inatoa kama 8,200 kwa 5,500. Namba dukani inakaribia kuwa maradufu, lakini upana wa picha haujaongezeka hata kwa asilimia 40.

Sasa jiulize mteja wako anataka nini. Picha ya inchi 4 kwa 6 ikichapwa vizuri, kwa nukta 300 kila inchi, inahitaji nukta milioni 2 na kidogo. Karatasi ya A4 haifiki milioni 9. Albamu ya harusi yenye kurasa za inchi 12 kwa 12 inataka kama milioni 13. Hata picha moja ukiitandaza kurasa mbili za albamu hiyo, kamera ya 24 bado inakupa nukta 250 kila inchi, na hakuna shangazi atakayeiona kasoro. Picha zinazobaki zinakwenda WhatsApp, ambako hubanwa zikabaki sehemu ndogo ya zilivyokuwa. Na usidanganywe na habari ya mabango ya barabarani: bango hutazamwa kutoka mbali, kwa hiyo nukta chache kwa kila inchi zinatosha.

Kasi ni habari nyingine, na ndiyo inayofichwa dukani, kwa sababu haina namba moja ya kubandika kwenye boksi. Kuna kasi ya fokasi, yaani kamera inalikamata jicho la mtu upesi kiasi gani kwenye mwanga hafifu. Kuna idadi ya picha kwa sekunde. Na kuna kasi ya kamera kumimina picha kutoka kumbukumbu yake ya ndani, wengine huiita bafa, kwenda kwenye memori kadi. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonifundisha.

Nilikuwa nimekodi kamera ya megapikseli 45 kwa ajili ya harusi moja Tabata. Wakati wa kutunza, mama zake bibi harusi waliingia wakicheza, kanga mkononi, noti zimekunjwa katikati ya vidole. Nikashikilia kitufe sekunde tatu. Mama mkubwa akainama kumbandika mwanawe noti kwenye paji la uso, bibi harusi akaanza kulia, na kamera yangu ikagoma. Kitaa chekundu pembeni ya mlango wa kadi kinawaka tu, kidole kinabonyeza, hakuna kinachotokea. Kilipozima, mama alishageuka na bibi harusi alishajifuta machozi. Picha ile sina, na yule binti hana.

Sababu ni ya hesabu tu. Faili ghafi (RAW) moja la kamera ile lina kama megabaiti 50. Picha 10 kwa sekunde, kwa sekunde tatu, ni megabaiti 1,500. Kadi ya kawaida huandika kama megabaiti 80 kwa sekunde, kwa hiyo kuimimina kazi hiyo yote kunachukua karibu sekunde 19. Kamera ya 24, yenye faili la megabaiti kama 28, ingemaliza kwa sekunde 10 au 11, na kadi ni ileile. Megapikseli unazilipia dukani, kisha unaendelea kuzilipia kwa muda wa kusubiri.

Na kwa pesa pia. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoumia.

Kadi kwanza. Kamera ya nukta nyingi ikitaka kwenda mbio inadai kadi zenye alama V60 au V90, yaani zinazohakikisha megabaiti 60 au 90 kwa sekunde bila kushuka chini ya hapo. Nyingine zinataka CFexpress, ambayo haiingii kwenye kisomeo ulichonacho, kwa hiyo unanunua na kisomeo kipya. Bei ya kadi moja ya V90 inaweza kukununulia kadi kadhaa za kawaida, na harusi huendi na kadi moja.

Halafu hifadhi. Chukua harusi ya picha 2,500. Kwa kamera ya 24 ni kama gigabaiti 70. Kwa ya 45 ni 125. Piga harusi 30 kwa mwaka: terabaiti 2.1 dhidi ya 3.75. Ukiweka nakala ya pili, na lazima uweke, zidisha mara mbili. Laptopu yako ya zamani inayofungua picha za 24 kwa kusuasua itakwama kabisa kwenye za 45, na bei ya laptopu mpya haijaandikwa kwenye boksi la kamera. Ongeza programu ya kuhariri inayolipiwa kila mwezi na betri mbili za akiba.

Lenzi nayo ina deni lake. Nukta nyingi zinaianika lenzi hafifu, na zinauanika mkono unaotetemeka. Aliyehamia kamera ya 45 akabaki na lenzi iliyokuja ndani ya boksi amenunua faili kubwa la picha ileile.

Basi, bei. Hizi ni za bodi tupu, bila lenzi, kwa makadirio na kwa dola, maana waagizaji wengi hupanga kwa dola. Geuza kwa shilingi ya leo.

Bodi mpya yenye kihisi kidogo (APS-C) na megapikseli 24 hadi 26 hupatikana kati ya dola 600 na 1,000. Yenye kihisi kikubwa (full frame) na megapikseli 24 hadi 33, fokasi nzuri na picha 10 hivi kwa sekunde, ni kama 1,500 hadi 2,300. Ya 45 na kuendelea inaanzia kama 2,500 na inafika 4,000. Zipo zinazokupa vyote viwili, nukta nyingi na picha 20 au 30 kwa sekunde, kwa sababu kihisi chake kinasomwa kwa haraka sana. Hizo huanzia kama dola 4,000, na hazimhusu mtu anayehesabu nauli.

Ushauri wangu kwa mwenye dola 1,500 mkononi ni huu. Chukua bodi ya kihisi kidogo ya dola 900, mradi fokasi yake inakamata jicho. Ongeza lenzi ya f/1.8, ambayo kwa kawaida ni dola 150 hadi 250. Lenzi hiyo huingiza mwanga zaidi ya mara tisa kuliko lenzi ya boksi iliyofungwa kwenye f/5.6. Maana yake ukumbini, palepale ulipokuwa unapiga kwa 1/60 ya sekunde na mikono ya wachezaji ikitoka ukungu, sasa unapiga kwa 1/500 na kila pete inaonekana. Kinachobaki kinunue flashi, kadi na betri.

Jihadhari na maneno "picha 20 kwa sekunde" kwenye kamera ya bei ya kati. Mara nyingi ni kwa shata ya kielektroniki, ambayo husoma picha mstari kwa mstari. Mpira ukipigwa unatoka umepinda, na chini ya taa za LED picha inaweza kujaa michirizi. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Uliza kasi ya shata ya kawaida. Picha 8 hadi 10 kwa sekunde zinatosha harusi na mechi ya mtaani.

Nani basi anunue 45? Anayepigia viwanda vya vitenge picha za katalogi, ambako mteja anataka kuona uzi. Anayepiga milango ya Mji Mkongwe kwa machapisho makubwa ya ukutani. Mpiga ndege asiyeweza kumudu lenzi ndefu, kwa sababu ukikata nusu ya upana na nusu ya urefu, 45 inakuachia 11, na 24 inakuachia 6. Wawili wa kwanza wana kitu kimoja kati ya viwili: kinachopigwa kimetulia, au mteja anazilipia nukta. Kama hakuna aliyekulipa zaidi kwa ukubwa wa faili mwaka jana, mwaka huu usitegemee.

Ukiagiza kupitia mtu anayekwenda Dubai, bei inashawishi. Uliza warranti inatambuliwa wapi, maana nyingi hufungwa na eneo zilikouzwa, na ukiharibikiwa utairudisha hukohuko kwa gharama yako. Bodi zilizotengenezwa kwa soko la Japani pekee baadhi zina menyu ya Kijapani tu. Weka pia ushuru, na VAT ya asilimia 18 kwa Tanzania Bara au 16 kwa Kenya, kabla ya kusema umeokoa.

Iliyotumika nayo si mbaya, ila uliza idadi ya mibonyezo. Shata za kamera za kati hupimwa kwa mibonyezo 100,000 hadi 200,000. Harusi 30 za picha 2,500 ni 75,000 kwa mwaka. Kamera yenye 130,000 tayari ununue kwa bei ya kitu kisichobakiza zaidi ya mwaka mmoja hivi.

Siku ya kununua nenda na kadi yako mwenyewe, ileile utakayotumia kazini. Iweke kwenye kamera, weka faili ghafi, elekeza mlangoni watu wanapopita, shikilia kitufe mpaka kamera igome, kisha hesabu sekunde hadi kitaa chekundu kizime. Omba wapunguze taa, jaribu tena, uone kama fokasi bado inalishika jicho. Ukiridhika, hakikisha namba ya bodi imeandikwa kwenye risiti ya EFD kabla pesa haijatoka mfukoni.