Uchaguzi wa Mazoezi, Somo la Kweli

Usiku wa tarehe 26 Julai 2022, wiki mbili kabla ya Wakenya kupiga kura, jukwaa la mdahalo wa urais liliandaliwa katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki jijini Nairobi. William Ruto alifika, Raila Odinga akasusia, na Ruto akajibu maswali peke yake. Miaka mitano nyuma, Julai 2017, katika chuo hichohicho, ilikuwa zamu ya Raila kusimama peke yake huku Rais Uhuru Kenyatta akikataa kuja. Ni mwaka 2013 tu ambapo wagombea wote, wanane wakati ule, walikabiliana ana kwa ana. Maana yake ni kwamba kijana aliyepiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 2022 hakuwahi, tangu awe mtu mzima, kuwaona wagombea wakuu wawili wa nchi yake wakisikilizana na kujibizana jukwaa moja. Alichokiona ni mikutano ya hadhara, ambapo msemaji huongea na watu waliokwisha kukubaliana naye. Wakubwa wakiukimbia mdahalo, kijana ataujifunzia wapi?

Jibu langu ni kwamba ataujifunzia darasani, kwa uchaguzi wa mazoezi: kampeni, mdahalo, kura na kuhesabu, vyote vikifanywa na wanafunzi wenyewe kwa kanuni kali, kisha wakae kitako kuchambua walichokifanya. Bonde la Lambwe, katika Kaunti ya Homa Bay, lina nafasi nzuri ya kulifanyia kazi wazo hili. Upande mmoja kipo Chuo Kikuu cha Tom Mboya mjini Homa Bay, na ng'ambo ya pili, Kaunti ya Migori, kipo Chuo Kikuu cha Rongo kilichopata hati yake mwaka 2016. Wanafunzi wa vyuo hivi wana siasa nyingi zinazowazunguka, lakini si zote za kuigwa. Novemba 2025, kampeni za uchaguzi mdogo wa Kasipul, hukohuko Homa Bay, ziligeuka vurugu na watu wakauawa. Tume ya Uchaguzi, IEBC, ikawatoza wagombea wakuu wawili faini ya shilingi milioni moja kila mmoja.

Tuseme darasa la wanafunzi sitini linapewa mwezi mmoja na wadi moja halisi: Lambwe, mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Suba Kaskazini. Majukumu yanagawanywa kwa bahati nasibu. Wachache wanakuwa wagombea wa kiti cha mwakilishi wadi, wengine mameneja wa kampeni, waandishi wa habari, makarani na mawakala wa vyama vya kubuni. Waliobaki ni wapiga kura, kila mmoja na maisha aliyopewa: mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa nagana, mjane ambaye mahindi yake yameliwa na wanyama kutoka Mbuga ya Taifa ya Ruma, kijana wa bodaboda, mwalimu wa chekechea. Mgombea akimwahidi mjane fidia, mwandishi wa habari atambana: Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeiachia serikali ya taifa ulinzi wa wanyamapori, na fidia inafuata sheria ya wanyamapori ya 2013, sasa mwakilishi wadi ataitoa kwa mamlaka gani? Anayeahidi kumaliza mbung'o wanaoeneza nagana atakuta kazi imegawanyika, kwani udhibiti wa magonjwa ya mifugo ni wa kaunti, ilhali lipo baraza la taifa, KENTTEC, lililoundwa mahususi kuwaangamiza wadudu hao. Anayeahidi barabara ataonyesha pesa ziko ukurasa gani wa bajeti ya kaunti. Na yule aliyeangukiwa na jukumu la kutetea uzio wa mbuga, ili swala aitwaye korongo asitoweke katika makao yake ya mwisho nchini Kenya, atalazimika kuutetea hata kama kwao wanaulaani. Mwanafunzi anayekariri Jedwali la Nne kwa ajili ya mtihani hulisahau. Aliyeumbuliwa nalo mbele ya wenzake hulikumbuka.

Huu si mtazamo tu. Mwaka 2003 mtafiti Steven Finkel alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kuhusu mafunzo ya uraia katika Jamhuri ya Dominika, Poland na Afrika Kusini. Aligundua kwamba mafunzo hufaulu yakitimiza masharti matatu: yafanyike mara kwa mara, mwalimu awe anaheshimika kwa ujuzi wake, na washiriki watende badala ya kusikiliza tu, kwa mfano kwa kuigiza majukumu. Pasipo hayo, hotuba za uraia hazikubadilisha sana tabia za watu. Kuhusu midahalo yenyewe, Sierra Leone ina ushahidi mzito. Kabla ya uchaguzi wa 2012, watafiti walirekodi midahalo ya wagombea ubunge na kuionyesha vijijini. Waliotazama waliwafahamu wagombea na sera zao vizuri zaidi na wakapiga kura kwa kuzingatia sera walizoziafiki. Nao wabunge walioshiriki midahalo hiyo walijishughulisha zaidi na maeneo yao baada ya kuchaguliwa. Huko Marekani, tangu miaka ya 1990, Chuo cha Barnard jijini New York kimekuwa kikifundisha historia kwa kuwapa wanafunzi nafasi za watu wa zamani, kila mmoja na malengo yake, wakabishana hadi kura ipigwe. Mbinu hiyo imeenea katika vyuo vingi.

Hata historia ya kwetu inafundishika hivyo. Tom Mboya, ambaye familia yake ilitoka kisiwa cha Rusinga, alishinda kiti cha Nairobi Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Kura hazikuwa sawa: kwa kufuata elimu, kipato, mali na vigezo vingine, mtu mmoja aliweza kuwa na kura moja, mbili au tatu, na wengi hawakuwa na hata moja. Warudishe wanafunzi mwaka huo. Mpe huyu karatasi tatu, yule moja, na theluthi mbili ya darasa wasipewe kitu, kisha waambie wote wampate mshindi. Hasira ya waliokosa karatasi itaeleza thamani ya kura moja kwa kila mtu vizuri kuliko mhadhara wa saa mbili.

Pingamizi la kwanza ni kwamba vyuo vina chaguzi za wanafunzi tayari, za nini tena za kuigiza? Tuangalie chaguzi hizo zimefunza nini. Mwaka 2016 uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi ulizua ghasia hadi chuo kikafungwa, na mwaka huohuo Bunge likabadilisha Sheria ya Vyuo Vikuu ili wanafunzi wachague wajumbe, na wajumbe ndio wawachague viongozi. Katika Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda nako, Julai 2022, mwanafunzi aliuawa wakati wa kampeni na chuo kikausimamisha uongozi wa wanafunzi. Chaguzi hizi zina pesa, vyeo na vyama vya taifa nyuma yake, kwa hiyo humfundisha mwanafunzi kushinda. Haziwezi kumfundisha kutetea upande asioupenda, kuhesabu kura za mpinzani kwa uaminifu, wala kutia sahihi fomu ya matokeo inayomtangaza ameshindwa. Mwanafunzi wa uuguzi hudunga sindano kwenye sanamu kabla ya kumgusa mgonjwa, na hakuna anayesema kwamba wodi zingemtosha.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: darasani hakuna njaa, hakuna hongo, hakuna ukoo, basi igizo litazaa watu wanaojua demokrasia ya vitabuni. Ni kweli, iwapo mwalimu ataviacha nje. Lakini vinaweza kuingizwa. Kila kambi ipewe bajeti ya kubuni na itoe hesabu zake hadharani; baadhi ya wapiga kura waruhusiwe kuuza kura, na bei ijulikane siku ya uchambuzi. Wanafunzi wataona kwa nini Kenya imekuwa na sheria ya kudhibiti gharama za kampeni tangu 2013, na kwa nini wabunge walivikataa viwango vya matumizi mwaka 2021. Vilevile waigize kura ya mchujo, kwa sababu Homa Bay na Migori tiketi ya chama kikubwa mara nyingi ndiyo huamua mshindi. Mara nyingi, si daima: mwaka 2013 Okoth Obado alichaguliwa gavana wa Migori kwa chama kidogo cha PDP, akambwaga mgombea wa chama hicho kikubwa, ODM. Kwa nini wapiga kura walivuka mstari mwaka ule ni swali la utafiti kwa darasa zima.

Wapo wanaohofia kwamba tutakuwa tunawanoa waongo hodari, au kwamba wahadhiri watapenyeza vyama vyao. Dawa ya hofu zote mbili imo katika kanuni: vyama viwe vya kubuni, majukumu yatolewe kwa bahati nasibu, na alama zitolewe kwa ukweli wa hoja na usahihi wa hesabu, kamwe si kwa ushindi. Gharama nayo ni ndogo, kwani masanduku, karatasi na muda havihitaji mfadhili. Kinachohitajika zaidi ni nafasi ya kukosea mapema. IEBC yenyewe ilifanya uchaguzi wa majaribio Februari 2013, siku chache tu kabla ya ule wa Machi 4. Kasoro zilionekana, lakini muda wa kuzirekebisha haukuwepo, na siku yenyewe vifaa vya kuwatambua wapiga kura na kutuma matokeo vikafeli vituo vingi. Mazoezi ya dakika za mwisho huonyesha ugonjwa bila kuacha nafasi ya tiba.

Mwaka 2022 vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa asilimia 39.84 ya wapiga kura waliojiandikisha Kenya, na idadi yao ilikuwa imeshuka kwa asilimia 5.27 kulinganisha na 2017. Maandamano yao ya Juni 2024 yalithibitisha kwamba hawajapuuza siasa. Walichokosa ni imani kwamba kura na hoja zinafanya kazi. Imani hiyo haiji kwa kuhimizwa, huja kwa kuzoea. Uchaguzi mkuu ujao umewekwa kikatiba tarehe 10 Agosti 2027. Wahadhiri wa Tom Mboya na Rongo hawana haja ya kusubiri sera kutoka Nairobi: somo liwekwe katika ratiba ya muhula ujao, waanze na wadi moja, na wawaalike wakazi wa Lambwe waje kuwahoji wagombea.