Mabinti wa mieleka

Sisi walimu tumezoea kuwakataza mabinti mieleka: eti ni mchezo wa wavulana. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Iowa kiliunda ekipe ya mabinti. Msimu wake wa kwanza, 2023-2024, haikushindwa na chuo chochote. Mwezi wa tatu 2024, mjini Cedar Rapids, ikachukua ubingwa wa taifa. Mabinti sita walitoka wa kwanza, kila mmoja katika kilo zake. Mwalimu wao ni mwanamke, Clarissa Chun, aliyepata medali ya shaba London 2012. Na mitihani? Waliifanya kama wengine.

Juma lililopita binti wa darasa la sita alituomba tumfundishe mieleka. Hatujamjibu. Mama yake anasoma gazeti hili.