Intaneti ipo, bando lipo, mbona aplikesheni inazunguka tu?

Kiduara kinazunguka, kurasa nyingine zinafunguka vizuri. Wengi hulaumu mtandao, kumbe wakati mwingine aplikesheni yenyewe inasubiri kitu ambacho hakitatokea.

Ndani ya aplikesheni, taarifa huja kwa mikondo. Mkondo wa salio huleta jibu moja ukaisha. Mkondo wa GPS huleta mahali ulipo tena na tena, na hauishi wenyewe.

Ili kuonyesha ukurasa mmoja, mikondo hii huunganishwa. RxJS, maktaba inayotumika sana pamoja na Angular, ina njia kadhaa, na kila moja ina sheria yake ya kumaliza:

• merge hupitisha kila kinachofika. Humaliza mikondo yote ikiisha.

• combineLatest husubiri kila mkondo ulete angalau kitu kimoja, kisha hutoa jibu jipya kila mmoja unapobadilika. Nayo humaliza mikondo yote ikiisha.

• zip hupanga cha kwanza na cha kwanza, cha pili na cha pili. Mkondo mmoja ukiisha na hakuna kilichobaki cha kuoanisha, kazi imekwisha, hata kama mwingine unaendelea.

• forkJoin husubiri mikondo yote iishe, ndipo hutoa kitu cha mwisho cha kila mmoja.

Shida iko hapo kwenye forkJoin. Ikipewa salio na GPS, salio litafika na GPS itasoma vizuri, lakini skrini haitaonyesha kitu. Ni kama mtu anayesubiri mto umalize kupita ndipo avuke. Ujumbe wa kosa hautokei, kwa sababu hakuna kilichoharibika.

Dawa ni fupi: mkondo wa GPS huwekewa take(1), yaani chukua kimoja kisha maliza. Lakini GPS isipoleta chochote, hata take(1) itasubiri. Hivyo huongezwa timeout, ambayo hutoa kosa muda ukipita.

Tahadhari nyingine: kosa la mkondo mmoja hukata muungano wote. Salio lisipotee kwa sababu ya GPS, catchError huwekwa kwenye mkondo wa GPS wenyewe, ulete jibu la akiba.

Kwa mtumiaji, kununua bando jingine hakutasaidia hapo. Kinachohitajika ni toleo jipya lililorekebishwa.