Daktari akisifu kidonge, awajibike

Mwaka 2012, Dk. Mehmet Oz aliwaambia watazamaji wa kipindi chake cha televisheni nchini Marekani kwamba buni mbichi, yaani kahawa isiyokaangwa, ni muujiza wa kupunguza uzito kwa kila aina ya mwili. Huyu hakuwa mganga njaa. Alikuwa bingwa wa upasuaji wa moyo na profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, na Oprah Winfrey ndiye aliyemtambulisha kwa mamilioni ya watu. Alichokisifu kilinunuliwa.

Muujiza huo uliegemea jaribio moja lililofanyika India kwa watu 16 tu, kwa gharama ya kampuni ya Texas iliyokuwa ikiuza dondoo ya buni hizo. Ripoti ilidai walipungua wastani wa kilo 8. Mwaka 2014 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilieleza kuwa mtafiti alibadilisha vipimo vya uzito mara kwa mara, na hata kupotosha nani alimeza buni na nani alimeza kidonge kitupu. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 3.5, na ripoti ikafutwa.

Mgeni mmoja wa kipindi, Lindsey Duncan, alizisifu buni hizo hewani ilhali mwenyewe anaziuza. FTC ilisema mara tu alipoalikwa alianza kuandaa tovuti za mauzo, kisha studioni akawahimiza watazamaji watafute mtandaoni maneno aliyoyapanga yawafikishe kwenye duka lake. Mwaka 2015 alikubali kulipa dola milioni 9.

Juni 2014, Seneta Claire McCaskill alimbana Oz mbele ya kamati ya Seneti. Oz alikiri kwamba hutumia maneno ya kunogesha, lakini akasema halipwi na wauzaji wa vidonge hivyo.

Hata kama hakulipwa, madhara ni yaleyale. Tangu 1994, sheria ya Marekani haimtaki mtengenezaji wa virutubisho athibitishe kwamba vinafanya kazi kabla ya kuvipeleka sokoni. Mama anayehangaika na uzito hana maabara nyumbani, anamwamini daktari. Kauli ya daktari ndiyo kinga pekee iliyobaki kati yake na mfanyabiashara, na kinga hiyo ikigeuka tangazo, mama huyo anauziwa mbuzi kwenye gunia. Mwishoni mwa 2014 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchunguzi wa ushauri uliotolewa kwenye kipindi cha Oz: chini ya nusu ulikuwa na ushahidi.

Aprili 2025 Seneti hiyohiyo ilimthibitisha Oz kuongoza taasisi inayosimamia bima za afya za umma, Medicare na Medicaid. Buni hazikumzuia kupanda.

Hapo ndipo pa kurekebisha. Daktari akimwandikia mgonjwa mmoja dawa isiyofaa, hujibu mbele ya baraza lililompa leseni. Akiisifu kwa mamilioni, ajibu mbele ya baraza hilohilo.